Kifua cha Jimu, Pumzi ya Fegi

Leo nataka kukiri kitu ambacho nimekuwa nikificha hata mbogi ya jimu.

Mimi ni kijana wa Kayole. Kama wewe ni wa Eastlands, jimu zetu unazijua: mabati juu, sakafu ya simiti, vyuma vingine vya duka na vingine ni makopo ya rangi yaliyojazwa simiti. Nilianza kupiga tizi nikiwa na miaka 19. Kufikia 22 nilikuwa nasukuma kilo 80 kwenye benchi na fulana imejaa poa. Kile sikuwa nasema ni kwamba nikitoka pale napitia kwa kioski nanunua fegi. Moja saa hii, moja baadaye, kwa siku zinafika nne.

Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kuuza sigara moja moja, na inakataza kumuuzia mtu aliye chini ya miaka 18. Yangu ya kwanza niliuziwa moja, nikiwa na miaka 16, na sare ya shule mwilini. Baadaye nikajidanganya kwamba jasho la tizi linaosha moshi.

Kisha maji yakapotea. Huku kwetu hiyo si habari. Tunaishi ghorofa ya tano na ploti haina lifti. Jumamosi moja tulishuka na mathe kununua maji ya mkokoteni. Nikabeba mitungi miwili ya lita 20, kila mkono mmoja, ili majirani waone. Kufika ghorofa ya tatu, kifua kikafunga. Moyo unadunda mbio, macho yanaona nyota. Nikaweka mitungi chini nikajifanya nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa patipati.

Mathe ana miaka 51. Alinipita na mtungi wake bila kusema kitu. Tulipofika juu ndio akaniambia, "Hiyo harufu nimeinusa kwa nguo zako tangu uko fomu tatu. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

Usiku huo sikulala. Nikaanza kusoma.

Unajua zile stori za watu kulala na jiko la makaa ndani na kutoamka? Ile gesi inayowaua, kaboni monoksaidi, iko pia kwa moshi wa sigara, ila kwa kiasi kidogo. Inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kwa hivyo damu inafika kwa msuli ikiwa imebeba mzigo mbaya. Nikotini nayo inabana mishipa na kufanya moyo ukimbie hata ukiwa umekaa.

Halafu kuna msuli wenyewe. Mwaka 2007 kulichapishwa utafiti uliolinganisha wavutaji na wasiovuta. Misuli ya wavutaji ilikuwa inatengeneza protini polepole zaidi, na ilikuwa na dalili za kutengeneza zaidi myostatini, kitu ambacho kazi yake ni kuzuia msuli usikue. Yaani mimi nalipa jimu ili nijenge, kisha nalipa kioski ili ibomoe.

Na hesabu ya doo? Fegi zangu nne zilikuwa zinakula kama 60 bob kwa siku. Hiyo mtaani ni mayai mawili boilo, karibu gramu 12 za protini. Tena sigara inaua njaa, so hata chapo madondo ya mchana nilikuwa naruka.

Utaniambia kuna msee unamjua anavuta na ana mwili kuniliko. Hata mimi namjua. Sisemi fegi inazuia mwili kabisa, mimi mwenyewe niliupata. Nasema tunajenga na breki imekanyagwa, na hakuna anayejua angefika wapi bila hiyo breki.

Kuacha si rahisi. Nimeanguka mara mbili, mara ya pili tukiwa matanga ya beste yetu. Ngumu zaidi ni bazeni, juu ukikataa fegi unaonekana unajifanya mtakatifu. Siku hizi nasalimia, nacheka kidogo, naenda zangu. Lakini mwili hauna kinyongo: ndani ya saa 12 bila sigara, ile gesi kwa damu inashuka hadi kiwango cha kawaida. Ukitaka kuanza, anza na hizo saa 12. Mapafu na mzunguko wa damu huchukua wiki kadhaa.

Niko wiki ya 11. Kwa benchi nimeongeza kilo 5 tu, sitakudanganya. Lakini wiki jana maji yalipotea tena, na nikabeba mitungi miwili. Nilipumzika mara moja, ghorofa ya nne. Mathe akaniuliza kama nataka kufunga kamba za viatu.