Chai ya Kericho na Maji ya Mto Mara



Hakuna nyumba ya Kiislamu katika Musoma, Bunda wala Butiama ambayo chai haiingii. Mgeni akibisha hodi hukaribishwa kwa chai. Aliyefunga huifuatiza chai baada ya tende. Arusini na matangani birika halitoki motoni. Walakini ukiwauliza vijana wetu wa chuoni chai hii yatoka wapi, wengi watakujibu kuwa yatoka dukani. Kwa sababu hiyo, chuo kilipofungwa kwa likizo, tulifunga safari pamoja na mwalimu mwenzetu kwenda Kericho, katika nchi ya Kenya, kuyaona mashamba ya chai na msitu wa Mau ulio jirani nayo. Tulikwenda kwa ajili ya chai, lakini tuliyorudi nayo ni habari ya maji, nayo ndiyo tutakayo kuwasimulia.

Tuliondoka Musoma baada ya Sala ya Alfajiri. Basi la Tarime hupita juu ya daraja la Kirumi, mahali ambapo Mto Mara, baada ya kutambaa katika mabwawa mapana ya mafunjo, huikaribia ghuba yake ya Ziwa Viktoria. Tulipita Tarime, tukafika Sirari mpakani, na baada ya kugongewa mihuri tukavuka hadi Isebania, kisha Migori na Kisii penye migomba mingi. Kutoka Kisii njia yapita Keroka, Sotik na Litein, na kila tulipozidi kupanda ndipo baridi ilipozidi. Musoma ipo kando ya ziwa, mita 1,100 na zaidi kidogo juu ya bahari. Kericho yafika mita 2,000. Mwenzetu, ambaye tangu Musoma alikuwa akilicheka koti letu, sasa aliliomba kwa adabu kubwa.

Kericho yenyewe hunyeshewa karibu mwaka mzima. Asubuhi jua huwaka, na alasiri mawingu hushuka na mvua ikamwagika, mara nyingine mvua ya mawe inayoyapasua majani na kumtia hasara mkulima. Milima yote imefunikwa na chai iliyokatwa sawasawa juu, mfano wa kichwa cha mtoto aliyenyolewa kwa ajili ya Idi. Msomaji asidhani kuwa chai ni mmea mfupi kwa asili yake. Ni mti, na ukiachwa hurefuka. Watu huupogoa ili usipite kiuno cha mchumaji. Chai nyingi ya Kenya ni ya jamii ya Assam, nchi ya India iliyo chini ya milima ya Himalaya, penye misitu na mvua nyingi kama hapa. Nchini Kenya ilipandwa kwanza Limuru mwaka 1903, na katika miaka ya 1920 makampuni ya Kiingereza yakafungua mashamba makubwa Kericho.

Katika shamba la mkulima mmoja mdogo tulimkuta mama wa makamo akichuma, kikapu mgongoni. Tulimwamkia, tukamwuliza ni majani gani ayachaguayo.

"Ni mawili na kichipukizi, mwalimu," akatujibu bila kusimamisha mikono. "La tatu ni gumu. Nikilitia kikapuni, kule kwenye mizani watalitupa."

"Na mti huu mmoja utauchuma tena lini?"

"Wiki ijayo, au ile ya pili. Chai haina likizo kama chuo chenu."

Tulicheka sote. Majani hayo hupelekwa kiwandani siku ile ile. Huko hutandazwa yanyauke, husagwa, huachwa yabadilike rangi mpaka yawe mekundu kama shaba, kisha hukaushwa kwa moto na kuchekechwa. Kilo nne na nusu za majani mabichi hutoa kilo moja tu ya chai kavu. Na moto ule katika viwanda vingi ni wa kuni, ndiyo maana kando ya mashamba mtu huona mikaratusi iliyopandwa safu kwa safu. Basi katika kila kikombe mna jasho, mna mvua, na mna mti.

Mna historia pia, nayo si tamu yote. Ardhi ya mashamba makubwa ilikuwa ya Wakipsigis kabla ya Waingereza kuitwaa. Ukoo wa Talai, uliokuwa ukiongoza watu katika mambo yao na kuupinga utawala ule, ulihamishwa kwa sheria ya mwaka 1934 na kupelekwa Gwassi, kandokando ya ziwa letu hili, mbali na baridi waliyozaliwa nayo. Wazee hawajayasahau hayo. Hata baada ya uhuru pana manung'uniko: mashine za kuchumia zilipoingia mashambani kazi za mikono zilipungua, na mwaka 1923 ukiwa umepita miaka mia moja, yaani mwaka 2023, watu wenye hasira walizichoma baadhi ya mashine hizo. Kwa upande mwingine, tangu mwaka 1964 wakulima wadogo wamekuwa na shirika lao la chai, nao leo wapita 600,000 katika Kenya nzima. Wengi wamesomesha watoto kwa kipande cha shamba ambacho mtu hukizunguka kwa miguu katika dakika chache.

Baada ya siku mbili Kericho tulirudi hadi Kaplong, tukashika njia ya mashariki kwenda Bomet. Mjini Bomet hupita mto uitwao Nyangores. Tulisimama kando yake tukatawadha kwa ajili ya Adhuhuri na Alasiri, tukazisali kwa kukusuru na kujumuisha kama wasafiri. Kijana aliyetuongoza akatuuliza, "Wazee wangu, mnayajua maji haya?" Tukasema hatuyajui. Akasema, "Mmeyapita juu ya daraja mlipokuwa mkija."

Alisema kweli. Nyangores na mwenzake Amala hushuka kutoka msitu wa Mau, hukutana, na kuanzia hapo huitwa Mara. Chanzo chake ni bwawa la Enapuiyapui huko juu. Mto huo hukata mbuga za Maasai Mara, huingia Serengeti kuwanywesha nyumbu wakati mito mingine imekauka, kisha hufika Kirumi baada ya mwendo wa karibu kilomita 400. Theluthi mbili hivi za bonde lake zipo Kenya, na theluthi moja ni yetu.

Tulipanda hadi ukingo wa msitu. Chini ya miti ile ardhi ni laini kama godoro. Majani yaliyooza huyanywa maji ya mvua na kuyaachilia kidogo kidogo, hata wakati wa kiangazi mto ukawa na kitu. Ukiufyeka msitu, mvua ile ile hushuka kwa kishindo, ikabeba udongo na kuleta gharika. Na jua likiwaka mto husinyaa. Serikali ya Kenya ililitambua hilo, na mwaka 1986 ilianza kupanda ukanda wa chai pembezoni mwa misitu, uitwao chai ya Nyayo, uwe boma la kuwazuia watu wasiingie na shoka. Lakini mwaka 2001 serikali hiyo hiyo iliondoa zaidi ya hekta 60,000 za Mau katika hifadhi ili zigawiwe watu. Msitu ukaliwa, na baadaye maelfu ya wakazi wakatolewa kwa nguvu, wengine wakiwa na watoto wachanga. Hivyo waliumia miti, na waliumia binadamu.

Hapa msomaji wa Musoma aweza kusema, "Kumbe kosa ni la wale wa juu!" La, ndugu yetu, tusiharakishe. Mwezi Machi 2022 maji ya Mto Mara upande wetu yaligeuka rangi na samaki wakafa. Kamati iliyoundwa na Serikali ilieleza kuwa sababu ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Watu walibishana sana juu ya jawabu hilo, lakini hakuna aliyeweza kukana kwamba mifugo yetu hunyweshwa mtoni, kwamba twalima mpaka ukingoni, na kwamba mkaa wetu hutoka katika miti ya vilima vyetu. Aliye juu ana wajibu kwa aliye chini, na aliye chini naye ana majirani zake: samaki, ziwa, na wajukuu. Tangu mwaka 2012 kila tarehe 15 Septemba huadhimishwa Siku ya Mara kwa ajili ya nchi zote mbili. Ni jambo jema, ila mto huishi siku zote za mwaka.

Sisi Waislamu hatuna udhuru wa kutojua. Dini yetu yatukataza israfu, na tumefundishwa kutotumia maji kupita kiasi hata tukitawadha mtoni. Tumefundishwa pia kwamba apandaye mti, akala kwao mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Basi wazazi na vijana, tuanze kwa machache: birika moja la udhu badala ya bomba lililoachwa wazi, miche michache kila chuo na kila msikiti wakati wa masika, na mifugo inyweshwe kwa mabirika mbali na ukingo. Na mtoto akiuliza chai yatoka wapi, tusimwambie dukani. Tumwambie yatoka katika mikono ya mama aliyebeba kikapu kwenye baridi, na katika mvua iitwayo na msitu ambao maji yake yatufikia sisi.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waangalizi wema wa amana zake. Amin.