Barua kutoka Maine: Joto la Chini ya Machela

Mtu anayelala kwenye machela hupata baridi ya mgongoni kabla ya baridi ya kifuani. Blanketi la juu hufanya kazi kwa sababu limetuna na limeshika hewa. Lile la chini mwili umelilalia, hewa yote imekamuliwa, limebaki kitambaa kitupu. Kitandani kasoro hiyo haionekani kwa kuwa godoro lipo. Kwenye machela hakuna godoro. Kuna nailoni moja nyembamba, na chini yake upepo unaopita usiku kucha na kuondoka na joto la mwili. Ndiyo maana wenye uzoefu wa kulala hivyo wameacha kurundika mablanketi ndani ya machela. Huning'iniza mfarishi kwa nje, chini yake, mahali ambapo mgongo hauwezi kuukandamiza.

Desturi hii imeshamiri huku Marekani, na Maine, jimbo la kaskazini-mashariki kabisa ya nchi, ni mojawapo ya mahali pa kuiona. Wakongo wanaijua Maine kwa sababu nyingine: katika kiangazi cha 2019 mji wa Portland ulipokea kwa wiki chache zaidi ya watu 400 waliokuja kuomba hifadhi, wengi wao kutoka Kongo na Angola, wakalazwa kwanza kwenye ukumbi wa michezo wa Expo. Lakini Maine ndiko pia inakoishia Appalachian Trail, njia ya miguu yenye kilomita 3,500 hivi, inayoanzia Georgia kusini na kukoma juu ya mlima Katahdin. Maelfu ya watu huingia njia hiyo kila mwaka, mzigo mgongoni, na kulala msituni kwa hiari yao. Mtu aliyekulia Masisi au Walikale, huko Kivu Kaskazini nchini Kongo, huchukua muda kulizoea jambo hilo, kwamba binadamu anaweza kulala porini bila kuwa anakimbia chochote.

Katika misitu hiyo machela ina faida moja kubwa kuliko hema: haihitaji ardhi tambarare. Penye mizizi, mawe, tope au mteremko, miti miwili inatosha. Gharama yake ni baridi. Waliozoea husema hata usiku wa nyuzi 20 za Selsiasi mgongo huanza kulalamika kabla ya alfajiri, na huku Maine mwezi wa Oktoba kipimo hushuka chini ya sifuri.

Katika kuchagua mfarishi wa chini, swali la kwanza ni kiasi cha baridi. Kila mfarishi huuzwa na kipimo chake: mmoja wa nyuzi 4, mwingine wa 7 chini ya sifuri, mwingine wa 18 chini ya sifuri. Kipimo hicho ni ukingo, si raha. Mwenye kutarajia usiku wa nyuzi 5 na anunue uliopimwa kwa sifuri au chini kidogo, maana uchovu, njaa na nguo zenye unyevu huongeza baridi ambayo kiwanda hakikuipima. Mfarishi wa nyuzi 7 chini ya sifuri, ukiwa wa manyoya mazuri, huwa na unene wa sentimita 5 au 6 ukishatuna, na uzito wa gramu 600 hivi. Bei yake ni dola 200 hadi 300, fedha nyingi kwa yeyote, na zaidi kwa anayetuma pesa nyumbani kila mwezi.

Swali la pili ni kilichojazwa ndani, na hapa ndipo wengi hupotea kwa kufuata tangazo. Manyoya laini ya bata bukini ndiyo mepesi kuliko vyote kwa joto yanalotoa. Ubora wake huandikwa kwa namba, 800, 850 hata 950, nayo huonyesha nafasi inayojazwa na uzito uleule wa manyoya: namba ikipanda, manyoya hutuna zaidi na kushika hewa zaidi. Lakini manyoya yakilowa hushikamana, unene unakwisha, na joto linakwisha pamoja nao. Nyuzi za poliesta ni nzito kidogo na hazikunjiki zikawa ndogo, ila zikilowa bado hutoa joto kiasi, hukauka upesi, na bei yake ni nafuu. Kwenye baridi kavu ya milima, manyoya yanashinda. Kwenye msitu ambao mvua na umande havikatiki, poliesta ndiyo ya kuaminiwa, hata muuzaji aseme nini.

Urefu nao una hesabu yake. Mfarishi mrefu hufunika kutoka mabegani hadi nyayo. Mfupi huanzia mabegani na kuishia magotini, na miguu hupewa kigodoro kidogo cha sponji. Mfupi huokoa uzito na fedha, ila unataka uwekwe kwa uangalifu zaidi, kwa kuwa ukisogea kiganja kimoja tu kuelekea miguuni, mabega yanabaki wazi.

Kuufunga ndiko kwenye ufundi wenyewe. Mfarishi wa dola 300 uliofungwa ovyo una baridi kuliko blanketi la kawaida lililofungwa vizuri, na anayelala kwenye machela mara ya kwanza na alitambue hilo kabla ya kufungua pochi.

Kazi huanza na machela yenyewe. Mikanda inayozunguka miti iwe na upana wa sentimita 2.5 au zaidi, isije ikakata gome, nayo ipande kwenye mti kwa mwinamo wa nyuzi 30 hivi. Machela iliyovutwa ikanyooka kama kamba ya kuanikia nguo hubana mabega na kuukunja mgongo. Iliyoachwa ilegee humruhusu mtu kulala kimshazari, kichwa upande mmoja na miguu upande wa pili, mwili ukawa karibu sawa na wa aliye kitandani. Mtu akikalia katikati, nyayo zake ziguse ardhi kama kwenye kiti. Mfarishi haufungwi hadi hapo pawe pametengemaa.

Mfarishi una kamba za mpira pembeni, zinazokusanyika kila mwisho na kunasa kwenye kulabu juu ya kamba za machela. Machela ikiwa tupu, mfarishi uiguse kwa chini, hata kuinyanyua kidogo. Mtu akishaingia na kulala kimshazari, mwenzake apitishe kiganja kati ya vitambaa viwili, kuanzia mabegani, kupita kiunoni, hadi chini ya mapaja. Kiganja kikute vitambaa vinagusana kila mahali, na mfarishi bado ni laini na umetuna. Nafasi ikipatikana, mara nyingi huwa chini ya makalio au kando ya kiuno, na hewa baridi itajikusanya hapohapo. Dawa yake ni kufupisha mpira kwa kiasi cha vidole viwili na kupima tena. Mfarishi ukiwa umekazwa mpaka umebapa, kosa ni la upande wa pili: hewa imekamuliwa kama ingekuwa chini ya mwili, na mpira unapaswa kulegezwa. Mama anayembeba mtoto kwa kitenge anaujua mkazo unaotakiwa, wa kukumbatia bila kubana.

Kisha kuna miisho miwili. Kila mwisho una uzi wa kukunjia mdomo wa mfarishi, kichwani na miguuni, ili upepo usiingie kwa huko. Uzi huo ukivutwa kupita kiasi huuvuta mfarishi mzima chini na kufungua nafasi katikati. Uvutwe hadi mdomo uguse machela, basi. Halafu mtu alale dakika 15 bila kujifunika juu, asubiri. Palipo na upenyo patajitangaza penyewe kwa baridi, na ni heri kupagundua saa moja jioni kuliko saa tisa usiku.

Upepo hupunguza kazi ya mfarishi wowote, kwa hiyo turubai la mvua hushushwa chini upande unakotoka upepo. Wengine huongeza kitambaa chepesi cha nailoni chini ya mfarishi ili kuukinga na matone. Kigodoro cha sponji ngumu ndani ya machela ni njia nyingine, rahisi kwa bei, ingawa huteleza usiku, humtoa mtu jasho na huacha mabega nje. Lakini kina sifa ambayo mfarishi hauna: hufanya kazi ardhini. Kwa familia za Masisi zilizolala kwenye mahema ya kambi za waliohama makwao za Bulengo na Rusayo, karibu na Goma, hadi mwanzoni mwa 2025, juu ya mawe ya volkano yaliyopoa, sheria ilikuwa ileile ya baridi inayotoka chini, na kigodoro kilikuwa na thamani kuliko blanketi la pili la juu. Hiyo ndiyo namna ya kupanga hata msaada: kwanza cha kulalia, ndipo cha kujifunikia.

Masisi na Walikale, ijapokuwa zinapakana, zinataka mifarishi tofauti. Malisho ya Masisi yapo kwenye vilima ambavyo vingi vinapita mita 2,000. Wachunga ng'ombe wa huko, ambao maziwa yao hutengenezewa jibini inayouzwa Goma, wanajua usiku wa nyuzi 10 wenye ukungu na upepo wa mlimani. Hapo mfarishi wa chini uwe mnene, na turubai lishuke hadi karibu na ardhi. Ukishuka kwenda Walikale, kuelekea mto Lowa, msitu unafunga, joto linapanda, na kila kitu kina unyevu. Hapo unatosha mfarishi mwembamba wa poliesta, nao una faida ya pili: mbu huchoma kupitia nailoni nyembamba ya machela, na mfarishi huwazuia kwa chini wakati chandarua chenye dawa kinawazuia kwa juu. Katika eneo lenye malaria kama lile, faida hiyo pekee inatosha kuushona.

Ila machela ambayo Kivu inaijua zaidi si ya matembezi: ni kipoyi, machela ya kubebea mtu. Wakati wa ukoloni maofisa na wamisionari walibebwa kwa kipoyi mabegani mwa watu waliolazimishwa, na wazee hawajasahau. Leo kipoyi kinabeba wagonjwa. Katika vijiji vya milimani ambako gari halifiki na pikipiki hukwama kwenye tope, mama mwenye uchungu wa kuzaa, mtoto mwenye homa au mtu aliyepigwa risasi hubebwa na vijana wanaopokezana, saa nyingi, mara nyingi usiku, hadi kituo cha afya au hospitali kuu ya Masisi. Hulazwa juu ya miti miwili iliyofumwa kwa kamba au mkeka, na ndugu humfunika kwa juu kwa vitenge na blanketi walizonazo. Chini yake kuna upepo.

Madaktari wa ajali wanajua matokeo yake. Mwili uliopoa hugandisha damu kwa shida. Mama anayevuja damu akipoa, damu huzidi kutoka. Mtoto aliyezaliwa njiani hupoteza joto kwa kasi kuliko mtu mzima. Ndiyo sababu waokoaji wa milimani hufundishwa kuweka kinga chini ya majeruhi, si juu yake tu. Elimu iliyonolewa na watembezi wa Appalachian Trail kwa ajili ya starehe inaweza kuokoa maisha kwenye njia za Masisi, na hiyo ndiyo sababu hasa ya barua hii.

Fundi cherehani yeyote wa sokoni anaweza kuushona mfarishi wa kipoyi. Achukue blanketi mbili nyepesi, urefu wa mita 1.8 na upana wa mita 1.2, azikamate pamoja kwa mishono michache tu, kwa maana mishono mingi hubapisha. Kwa nje aweke nailoni ya koti la mvua lililochakaa ili kuzuia upepo. Kwenye kila ukingo mrefu akunje upindo wa sentimita 3 na kupitisha kamba ndani yake. Kufungia, zitumike zile kamba za mpira wa tyubu zinazofunga mizigo kwenye pikipiki na chukudu, baiskeli za mbao: zimejaa kila gereji, na huvutika mgonjwa anapogeuka. Mfarishi ufungwe kwenye miti yote miwili, sehemu nne au tano kila upande, uinamie chini ya mkeka. Mgonjwa akishalazwa, mtu apitishe kiganja chini, kama ilivyoelezwa, akaze palipo wazi na kulegeza palipobapa. Ukilowa damu hufunguliwa na kufuliwa kwa sabuni bila kugusa kipoyi chenyewe.

Wauguzi wakuu wa vituo vya afya na viongozi wa vijiji ndio wenye uwezo wa kulianzisha jambo hili, na wana wa Masisi na Walikale walioko ughaibuni wana uwezo wa kulipia blanketi. Kila kijiji kinachobeba wagonjwa wake kwa kipoyi na kishone mfarishi mmoja, kiutundike mahali pakavu karibu na kipoyi, kabla mvua za Septemba hazijaanza.