Tuta la Mboga na Haki ya Jirani



Maji ni neema, lakini maji yasiyopata njia hugeuka kuwa madhara. Na katika mji wa nyumba zilizoshikana kama Mkomani, madhara hayo hayamkalii mwenye nyumba peke yake.

Katika kiwanda cha nyumba yetu mna tuta la mboga lililoinuliwa kwa mawe na kuegemezwa ukuta tunaoshirikiana na jirani. Fundi aliyelijenga alisakifu chini yake kwa saruji. Masika yaliyopita mchicha uligeuka manjano ilhali udongo umerowa, na bamia zilipong'olewa, mizizi ilinuka uvundo. Hiyo ilikuwa hasara ya kitoweo. Lililotushughulisha zaidi ni neno la jirani yetu, bibi mjane, aliyenambia kwa upole: "Mwanangu, ukuta wangu walia."

Kuta zetu ni za matumbawe na chokaa. Hunyonya maji, na maji yakikauka huacha chumvi juu ya uso wa ukuta, lipu ikamomonyoka. Dini yetu imetukataza kudhuru, na jirani ana haki iliyo nzito. Kazi ikaanza.

Kwanza nilichimba shimo la shubiri moja tutani, nikalijaza maji. Baada ya adhuhuri niliyamwaga. Alasiri yalikuwa yangalipo. Tukautoa udongo wote, tukaivunja ile saruji kwa tindo hadi kufikia mchanga wa asili. Kisha tukalisogeza tuta mbali na ukuta kwa dhiraa moja, tukaacha vitundu katika mawe ya upande wa kiwanda, vikielekea kwenye mtaro.

Wako walionishauri nitandike kokoto chini ya udongo. Shauri hilo ni maarufu, lakini maji hayatoki upesi katika udongo laini kuingia penye kokoto. Hubaki juu yake mpaka udongo ushibe. Dawa ni kuulegeza udongo wenyewe. Tulichanganya samadi ya punda iliyooza vyema na makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, yasiyolowekwa baharini. Mchanga wa pwani una chumvi, na vilima vya Shela havifai kuguswa, kwani ndivyo vinavyotuhifadhia maji matamu ya visima.

Ukuta wa bibi tuliuacha wazi ukauke kwa miezi kadhaa kabla ya kuupaka chokaa, si saruji, kwa kuwa saruji huufungia unyevu ndani. Sasa umekauka, na fungu la kwanza la mchicha lilivuka kizingiti chake kabla ya kufika jikoni kwetu.

Mwenye kutaka tuta, basi, na amwage ndoo ya maji mahali pale kabla ya kujenga, atazame yanaelekea wapi. Yakielekea kwa jirani, na ajenge pengine.

Wabillahi tawfiq.