Jino la Papa Lililopanda Milima ya Kisii



Ndugu wasomaji, na hususan mama zetu na dada zetu, juma hili nawachukua mbali na upepo wa bahari hadi Nyacheki, katika kaunti ya Kisii. Mimi na mama watoto tulikwenda kuizuru familia moja ya Kiislamu ambayo kijana wao alisoma Qur'ani kwangu, na sasa anafanya kazi huku kwetu Pwani.

Tulitoka Mombasa kwa basi la usiku, tukapita Nairobi, na kutoka mji wa Kisii tukapanda matatu. Huko nchi haina tambarare. Kilima hukukabidhi kwa kilima kingine, na kila mteremko umevikwa migomba, majani ya chai na mahindi. Udongo ni mwekundu na asubuhi ni ya baridi, hata maji ya udhu yalitufanya tuharakishe viungo. Mama mwenyeji wetu alitupokea kwa chai ya maziwa, kisha ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga, ambayo uchungu wake humzoea mlaji polepole.

Baada ya sala ya adhuhuri, aliingia chumbani akatoka na kitu kilichofungwa kwa kitambaa. "Sheikh," akasema, "wewe ni mtoto wa bahari. Nitazamie amana hii." Ndani mlikuwa na jino kubwa kama kiganja, la rangi ya kahawia iliyokolea. Kijana wake alilinunua Pwani kwa shilingi elfu kumi na nane. Aliambiwa kwamba ni jino la papa wa kale lililogeuka jiwe, na kwamba thamani yake ingeongezeka maradufu. Fedha zile zilikuwa akiba ya karo ya dada yake. Sasa mnunuzi alikuwa amepatikana mjini, naye angekuja keshokutwa.

Moyo wangu ukawa mzito, kwani kijana ni mwanafunzi wangu. Nikaomba bakuli la maji, kitambaa cheupe na tochi.

Papa wa kale wapo kweli, wala si hekaya. Mifupa ya papa ni gegedu, nayo huoza upesi, lakini meno yake humwagika na kuota tena maisha yake yote, na hayo ndiyo hubaki ardhini. Mkubwa wao, aitwaye megalodoni, alitoweka kwa makadirio ya wataalamu miaka milioni tatu na zaidi iliyopita, na jino lake laweza kupita sentimita 15. Watu wa Ulaya waliyaita meno haya ndimi za mawe. Kisha mwaka 1666 papa mkubwa alivuliwa karibu na Livorno, kichwa chake kikapelekwa Florence, na tabibu Nicolaus Steno akayalinganisha meno yake na mawe yale akaona yanafanana. Zaidi ya miaka mia sita kabla yake, al-Biruni wetu alikwishaandika kwamba jangwa la Arabuni lilikuwa bahari, kwa ushahidi wa makombe yaliyochimbuliwa visimani.

Basi jino la kweli hutambulikana vipi? Lina sehemu mbili zisizofanana. Taji limefunikwa na gamba gumu linalong'aa kama kaure. Mzizi hauna mng'ao, nao una vitundu kama mfupa. Kwa megalodoni, kati ya hizo mbili hupita ukanda wa rangi nyingine. Kingo zina vimeno vidogo kama msumeno, ambavyo umri umevila huku na kuviacha kule. Rangi hutoka kwenye madini ya ardhi na imepenya ndani, si ya kupakwa. Lile la kumimina kwa plastiki huwa jepesi, na tochi hufichua mapovu madogo au mstari wa kalibu. Yako pia meno ya kweli yaliyovunjika yakaungwa kwa gundi na mzizi wa bandia.

Jino la mama halikuwa na mapovu, na lilikuwa zito. Lakini taji na mzizi vilikuwa kitu kimoja, bila gamba. Nililitia majini nikalifuta, na kitambaa kikatoka na rangi ya kiwi ya viatu. Nikakwaruza chini ya mzizi kwa ukucha, nao ukaacha mstari na unga mweupe. Ukucha haukwaruzi jino.

Jirani mmoja mzee, aliyechonga mawe Tabaka ujanani mwake, alilichukua akalisugua kwa kidole gumba. Akacheka kidogo, bila furaha. "Hili ni jiwe letu," akasema. Jiwe la sabuni lilitoka Kisii, likashuka Pwani, likauzwa kwa mtoto wa Kisii, likapanda tena nyumbani kwa jina la papa! Mzee aliongeza neno ambalo sijalisahau: mkono uliochonga haukukosa, ulimi uliouza ndio uliokosa.

Binti, mwenye karo yake, aliuliza kama papa aweza kupatikana huko kwao. Nikamweleza kwamba miamba ya milima yao iliwatangulia papa kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Lakini asidharau: Loperot, Turkana, kilomita zipatazo 740 kutoka baharini, mwaka 1964 yalipatikana mabaki ya nyangumi wa miaka kama milioni 17, ambaye yaelekea alipanda kwa mto. Vitu kama hivyo, vikionekana nchini, ni urithi wa taifa. Sheria ya mwaka 2006 inamtaka aliyeviona aiarifu Makumbusho ya Taifa, na huko ndiko kwenye wataalamu wa kuthibitisha.

Kukawa kimya. Mama alijua, nami nilijua, kwamba mnunuzi wa keshokutwa hakuwa na sheikh wa kumkwaruzia. Sikumsomea hotuba. Nilimkumbusha tu kisa cha Mtume (s.a.w.) sokoni, alipotia mkono katika rundo la chakula akakuta unyevu chini yake.

Usiku ule alimpigia mnunuzi simu, akamwambia ukweli. Kisha akampigia mwanawe, nasi tukatoka nje tuwaachie faragha.

Tulipoaga, jino lilikuwa juu ya kabati, na chini yake karatasi yenye mwandiko wa binti: "Jiwe la Tabaka." Karo bado inatafutwa. Anayetaka kushiriki thawabu hiyo na amwone imamu wake, atatufikia.

Mwenyezi Mungu atupe jicho la kuchunguza na ulimi wa kweli. Amin.