Rejeta na feni za kompyuta ndogo, hapa Londiani

Najua nimekuwa kimya. Jioni zangu za wiki tatu hizi zimeliwa na swali moja: rejeta ya aina gani na feni za aina gani nitie kwenye kompyuta ninayoiunda. Kwa hiyo leo hakuna programu, ni vyuma tu. Asiyependa vyuma anivumilie.

Kwa wale ambao hawajawahi kuiona, kompyuta ya kupozwa kwa maji hufanya kazi kama gari. Pampu ndogo inazungusha maji, maji yanapita kwenye bloku ya shaba iliyokaa juu ya prosesa na nyingine juu ya kadi ya michoro, yanachukua joto na kulipeleka kwenye rejeta, kisha feni zinapuliza hewa kati ya vibati vya rejeta na joto linatoka nje. Hakuna uchawi hapo. Maji ni mchukuzi tu, na mzigo mwishowe lazima ubebwe na hewa.

Kwa nini nihangaike hivyo? Tunaishi kwenye nyumba ya mbao. Mchana ninaandika programu, usiku nikipata nafasi nacheza gemu na mdogo wangu, na ukuta unaotenganisha meza yangu na kitanda cha mtoto wa miezi minne ni mbao za mkangazi wa bei rahisi, unene wa inchi moja. Kompyuta ya zamani, kadi yake ikipata kazi, ililia kama mashine ya kukata nyasi. Mama mtoto alinipa chaguo mbili, inyamaze au iende dukani kwa kaka yake huko Londiani Junction. Na mara mbili kwa mwezi naibeba kwenda Nairobi kwa matatu, kwa hiyo kasha kubwa haliwezekani. Nimechukua la lita 20 hivi, linaingia kwenye begi la mgongoni.

Sasa tuje kwenye hesabu. Prosesa yangu ni Ryzen 7 5800X na kadi ni RTX 3070, ambayo Nvidia wameipa wati 220. Kwenye gemu nakadiria wati 300 kwa jumla.

Ushauri mwingi unaousoma kuhusu rejeta umeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, wanaoishi karibu na usawa wa bahari na vyumba vyao vina nyuzi 21 au 22. Mimi niko kwenye mita 2,300 hivi, na usiku chumba changu kina nyuzi 16. Hapa hewa ni nyepesi. Kabla ya kuhamia huku nilikaa Mombasa miaka minne, basi nikalinganisha. Mombasa, chumba kikiwa na nyuzi 30, mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo 1.17 hivi. Hapa Londiani ni kilo 0.92. Feni ile ile, ikizunguka kwa kasi ile ile, inasukuma ujazo ule ule wa hewa, ila kwa uzito hewa hiyo imepungua kwa zaidi ya asilimia 20. Na joto hubebwa na uzito wa hewa, si na ujazo wake.

Nikaogopa kidogo! Nikachukua kalamu. Tuseme feni mbili zinapitisha mita za ujazo 100 kwa saa kwenye rejeta. Wati 300 zitaipasha hewa hiyo nyuzi 9 hivi ikiwa Mombasa, na nyuzi 12 hivi ikiwa hapa. Kumbe mlima unanitoza nyuzi tatu. Lakini chumba cha hapa kina baridi kwa nyuzi 14 zaidi ya kile cha Mombasa. Nikitoa tatu bado ninabaki na nyuzi 11 mfukoni. Mtu wa Mombasa mwenye mashine hii anahitaji rejeta kubwa kuliko yangu au avumilie kelele. Sisi wa huku juu baridi inatulipia.

Basi ikabaki kuchagua. Kasha langu linakubali moja kati ya mbili: rejeta ya 240, yaani ya feni mbili za milimita 120, yenye unene wa milimita 45, au ya 280, ya feni mbili za milimita 140, yenye unene wa milimita 30. Alphacool wanauza unene huo wote, XT45 na ST30. Ukipiga hesabu ya ujazo hazipishani sana. Wengi niliowauliza walisema nene ndiyo kiboko.

Aliyenisaidia kuamua hajawahi kufungua kompyuta. Ni mzee jirani yetu, aliyekuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha chai kule chini kuelekea Kericho. Nilimkuta akinywa chai, nikamwonyesha picha za rejeta mbili. Akaziangalia kwa muda.

"Hii ni kama kunyausha majani," akasema.

Kwa wale mnaokunywa tu bila kujua: majani mabichi ya chai hutandazwa kwenye mabirika marefu yenye wavu chini, na feni kubwa inapuliza hewa kutoka chini ya wavu ipenye majani mpaka yanyauke. Inachukua saa nyingi. Mzee akaniambia majani yakirundikwa sana hewa haipenyi vizuri. Ya chini yanakauka, ya juu yanabaki mabichi, na feni inanguruma bure.

"Kwa hiyo mzee, niweke feni yenye nguvu zaidi?"

"Unaweza, kama kelele si shida. Kama ni shida, tandaza."

Nikarudi nyumbani kuangalia takwimu. Nguvu ya feni ya kusukuma hewa dhidi ya kizuizi hupimwa kwa milimita za maji, na hushuka kwa mraba wa kasi. Arctic P14 ina milimita 2.40 ikizunguka mara 1,700 kwa dakika. Ukiipunguza hadi 850 ili mtoto alale, hubaki milimita 0.60 tu. Ndiyo nusu ya kasi, lakini ni robo ya nguvu. Rejeta nene inapendeza feni zikiwa mbio. Usiku, feni zikitembea polepole, unene wake unageuka mzigo. Ile ya 280 ina uso wa sentimita za mraba 392 dhidi ya 288 za 240, yaani asilimia 36 zaidi, na hewa ina njia fupi ya kupita. Ni majani yale yale, umeyatandaza tu.

(Na mlima je? Hewa nyepesi inapunguza nguvu ya feni, ila inapunguza pia ukinzani wa vibati kwa kiasi kile kile, kwa hiyo hapo ngoma droo.)

Kwa upande wa feni nililinganisha Arctic P14 na Noctua NF-A14. Noctua inapitisha hewa zaidi ikiwa wazi, mita za ujazo 140 kwa saa dhidi ya 124 hivi, lakini nguvu yake ya kusukuma ni milimita 2.08. Noctua ni feni nzuri mno, sitabisha, ila kwa bei yake napata Arctic zaidi ya moja. Nimechukua Arctic. Zile zenye taa za rangi sita nimeziacha, nyingi zimetengenezwa kupuliza hewa mahali pasipo na kizuizi.

Mdogo wangu alipendekeza tutafute rejeta ya hita ya gari kuukuu kwa mafundi wa jua kali. Wazungu walifanya hivyo miaka ya mwanzo ya 2000, na si wazo la kijinga. Hofu yangu ni chuma chenyewe. Rejeta nyingi za magari ya leo ni za alumini na bloku zangu ni za shaba. Ukizichanganya kwenye maji mamoja alumini huliwa polepole. Mkipata ya shaba nyeupe au nyekundu, sawa, ioshwe sana.

Maji nayo msinunue ovyo. Ukienda petroli stesheni ukasema "maji ya betri" unaweza kupewa maji safi yasiyo na chumvi, au ukapewa asidi. Soma kibandiko, uliza mara mbili, kisha uongeze dawa ya kuzuia ukungu na kutu.

Oda imeshatoka: 280 ya milimita 30, P14 mbili, na paipu laini za mpira kwa sababu sitaki paipu ngumu zikutane na matuta ya barabarani ndani ya matatu. Kabla ya kuwasha umeme nitaiacha pampu peke yake izungushe maji saa 24 huku karatasi za tishu zimetandikwa chini ya kila kiungo. Mama mtoto ameshasema yeye ndiye atakayezikagua.