Marta Peke Yake Jikoni

Nyumba yetu sisi masista iko karibu na nyumba ya mapadri. Kila siku, kabla ya jua kutoka, tunawasha moto, tunawapikia chai, tunafua kanzu zao, tunapiga pasi vitambaa vya altare. Kazi hiyo hatuichukii. Tuliweka nadhiri kwa kumpenda Yezu. Lakini siku moja mwenzetu, mwalimu hodari, aliomba ruhusa ya kwenda kusoma zaidi. Padri akajibu neno moja tu: «Nani atapika?» Tukanyamaza sote. Usiku ule, katika sala, hatukuwa na amani. Je, tulimwahidi Mungu utii, ama tuliwaahidi wanaume chakula cha moto?

Si sisi wa kwanza kuuliza. Mwaka 1609 Mary Ward, Mwingereza, alianzisha shirika la masista wa kufundisha wasichana. Hakutaka wafungiwe ndani ya kuta, wala watawaliwe na shirika la wanaume. Mkubwa wao awe mwanamke, chini ya Papa. Wakubwa wengi wa Eklezia walimpinga. Mwaka 1631 Papa Urbano wa Nane alivunja shirika lile, na Mary Ward akafungwa katika monasteri moja ya München. Hakuasi, lakini hakuacha kazi yake. Ni mwaka 1909 tu Roma ilipowaruhusu masista wake kumwita mwanzilishi wao.

Machi 2018 gazeti la wanawake la Vatikano liliandika juu ya masista wanaowapikia maaskofu na makardinali bila mapatano, kwa malipo kidogo ama bila malipo. Tena tarehe 6 Januari 2025 Papa Fransisko alimweka Sista Simona Brambilla kuongoza idara ya Vatikano inayoangalia watawa. Mbele yake hakuna mwanamke aliyepata kazi ya namna hiyo.

Mwenzetu angali jikoni pamoja nasi. Vitabu vyake viko rafuni, kando ya chumvi.

Utii ni kitu kimoja, utumwa ni kingine. Yezu hakumfukuza Maria aende jikoni kwa Marta. Alimwacha akae, asikilize. Ninyi wazazi mnaotukabidhi binti zenu, ulizeni: mtoto wetu atasoma? Atasikilizwa? Nanyi mapadri, ndugu zetu, kumbukeni nani aliyeshika beseni usiku ule wa karamu ya mwisho. Mungu atupe sote moyo wake.