Jangwa la Baridi Chini ya Kibo

Wakazi wa Juba hulijua jiwe kwa joto lake. Katika Jebel Kujur, mlima wa mawe ulio karibu na mji, wapo wanawake waliojipatia riziki ya watoto wao kwa kuponda mawe yawe kokoto, jua likiwaka juu na mwamba ukichoma chini. Ni vigumu kwao kuamini ya kuwa jua hilo hilo la Ikweta huangazia pia jangwa la mawe ambako maji huganda usiku.

Jangwa hilo liko Tanzania, katika uwanda ulio kati ya vilele vya Kibo na Mawenzi, Mlima Kilimanjaro. Sababu ya baridi yake ni kimo. Juba iko mita 550 hivi juu ya usawa wa bahari. Uwanda huo uko mita 4,300 hivi. Kila mtu apandapo mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Mawingu ya mvua nayo humwaga maji yao msituni chini, na machache tu hufika juu.

Mchana jua huchoma ngozi. Usiku barafu hushika ardhi. Maji yaliyo udongoni yanapoganda huuinua udongo na kuing'oa mizizi michanga. Kwa hiyo huishi tu mimea iliyojihami: mafungu ya nyasi ngumu, maua makavu yasiyonyauka upesi, na vimea mfano wa kutu vilivyong'ang'ania mwamba.

Binadamu naye hana budi kujihami. Wapagazi wa njia ya Marangu huteka maji kabla ya kuingia uwandani, maana mbele hakuna kijito. Kileleni, mita 5,895, hewa ni kama nusu ya ile ya pwani. Kijana mwenye nguvu apandaye kwa pupa huumwa kichwa, hutapika, na asiposhuka mapema aweza kufa. Ndiyo maana neno la waongozaji ni moja: polepole.

Luteni Alexander Nyirenda alipopeleka bendera na Mwenge wa Uhuru kileleni, Desemba 1961, sheria za mlima hazikulegezwa kwa ajili ya cheo chake. Huko juu, askari, mpagazi na mgeni huokolewa na mambo yale yale: nguo nzito, maji ya kutosha, hatua fupi, na moyo wa kukubali kurudi.